Uzi: Macho yamefunguka lakini haitiki. Yumo humo ndani au hayumo?

#1 MlinziWaUsiku

Wakuu, habari za majukumu. Uzi ni mrefu, vumilieni.

Miaka kadhaa iliyopita kaka yangu aliumia kichwani kwenye ajali ya barabarani. Siku kumi na tisa macho yalikuwa yamefumba. Siku ya ishirini yakafunguka. Mama akalia kwa furaha, mimi nikapigia simu ukoo mzima: ameamka! Kumbe hakuwa ameamka. Macho yalitazama dari, na yakaendelea kutazama dari wiki baada ya wiki.

Siku moja daktari alikuja, akamwita jina mara mbili, akamminya ukucha kwa kalamu, akaandika kwenye faili, akaondoka. Hazikufika dakika nne, nilikuwa natazama saa ya ukutani. Faili likasema hajitambui. Dada yangu, ambaye udaktari hajausomea hata siku moja, alikuwa ameshatuambia wiki moja kabla: "Mimi nikipita upande ule, ananifuata kwa macho." Akajibiwa kwamba ni mapenzi ya ndugu yanamdanganya.

Dada alikuwa sahihi. Tangu hapo nimekuwa nikisoma kila ninachopata kuhusu jambo hili, na ninalotaka kusema ni hili: mtu asiyeitika si lazima awe mtu asiyejitambua, na kuwatofautisha hao wawili ni kazi ya kurudia siku baada ya siku. Dakika nne hazitoshi.

Kwanza tuelewane kuhusu macho. Kukesha na kulala huendeshwa na shina la ubongo, kule chini ubongo unakoungana na uti wa mgongo. Mwaka 1949 Giuseppe Moruzzi na Horace Magoun walipitisha umeme kidogo kwenye mtandao wa seli za hapo katika paka waliosinzia, na mawimbi ya ubongo yakageuka kuwa ya mnyama aliye macho. Kwa hiyo shina likianza kufanya kazi, macho hufunguka, mgonjwa hupata mchana na usiku wake, hupiga miayo, hukoroma. Lakini kujua kwamba "mimi nipo, na huyu ni dada" kunahitaji gamba la juu la ubongo na thalamasi, kile kituo cha katikati, viwe vinawasiliana. Shina peke yake ni kama taa ya barazani. Kuwaka kwake hakukuambii kama mwenye nyumba yumo.

Majina sasa. Koma ni pale macho yamefumba na hayafunguki hata ukimfinya. Ni nadra koma kuzidi wiki nne hivi: mtu hufariki, au hurudi, au huvuka kwenda hatua ile ya macho wazi bila kuitika. Hatua hiyo Bryan Jennett wa Glasgow na Fred Plum wa New York waliiita "hali ya mmea" mwaka 1972. Jina baya, familia yoyote itakuambia. Mwaka 2010 kundi la wataalamu wa Ulaya lilipendekeza iitwe tu "kuwa macho bila kuitika", yaani taja unachokiona, usihukumu usichokiona. Katikati hapo, mwaka 2002, Joseph Giacino na wenzake waliainisha hatua ya tatu: fahamu hafifu. Huyu huonyesha dalili ndogo za kujitambua, leo zipo, kesho hazipo, lakini zikiwepo ni za kweli. Kaka yangu alikuwa hapa. Faili lilimweka kule.

Na hakuwa peke yake. Mwaka 1996 watafiti wa London walipima upya wagonjwa 40 walioletwa wakiwa na jina la hali ya mmea. 17 hawakuwa hivyo. Mwaka 2009 timu iliyokuwa na Caroline Schnakers na Steven Laureys ikachukua wagonjwa 44 ambao madaktari wao walikubaliana kwamba hawajitambui, ikawapima kwa kipimo rasmi kitandani. 18 kati yao walikuwa na fahamu hafifu. Miaka 13 imepita na kosa liko palepale, karibu wanne kwa kila kumi.

Kisha kuna lile la 2006 ambalo bado linanisisimua. Adrian Owen na wenzake kule Cambridge walimweka kwenye mashine ya MRI (ile ya picha, inayoonyesha sehemu gani ya ubongo inafanya kazi) mwanamke wa miaka 23 aliyekuwa haitiki miezi mitano baada ya ajali. Wakamwambia: fikiria unacheza tenisi. Likawaka eneo la ubongo linalopanga mijongeo. Wakamwambia: fikiria unatembea ndani ya nyumba yako, chumba hadi chumba. Yakawaka maeneo mengine, yale ya kukumbuka mahali. Ukimlinganisha na watu wazima wenye afya, hukuona tofauti. Mwili wote kimya, na ndani kuna mtu anacheza tenisi kwa sababu ameombwa.

Karibuni. Wenye ujuzi wanirekebishe.

#2 Mpitanjia

Nimevuta kiti, nasubiri wajuzi.

#3 NesiMstaafu

Mwanangu MlinziWaUsiku, umeandika vizuri. Nimefanya kazi wodi ya wagonjwa mahututi zaidi ya nusu ya maisha yangu, na hiyo kalamu kwenye ukucha naijua. Lakini niongeze upande wa pili, maana familia nazo hukosea, na hukosea kwa uchungu.

Mgonjwa anaweza kukushika kidole ukiweka mkono wako kwenye kiganja chake. Mtoto mchanga naye hufanya hivyo. Anaweza kutoa machozi, kusaga meno, kutabasamu ukutani, kuguna, kushtuka mlango ukibamizwa. Vyote hivyo shina la ubongo linaweza kuvifanya bila mwenyewe kuwa na habari. Usiulize "amenishika?" Mwambie "niachie", kisha uone kama anaachia, na kama hukumwambia anaendelea kushika. Hapo ndipo penye jambo.

Kipimo rasmi anachokisema mleta mada kinaitwa CRS-R. Kina sehemu sita: kusikia, kuona, mijongeo, mdomo na sauti, mawasiliano, na kiwango cha kukesha. Alama ni 0 hadi 23. Msikichanganye na ile skeli ya koma ya Glasgow ya 1974 yenye alama 3 hadi 15, ambayo ni nzuri kwa siku za mwanzo za jeraha, ila haikutengenezwa kutafuta fahamu iliyojificha wiki ya saba. Na CRS-R haipimwi mara moja. Watafiti wa Liège, Ubelgiji, walionyesha kwamba inafaa irudiwe angalau mara tano ndani ya wiki mbili, kwa sababu hawa watu hupanda na kushuka. Asubuhi yupo, jioni hayupo.

Kabla hujasema "hajitambui" kuna maswali ambayo nilikuwa nawauliza madaktari vijana hadi wananikimbia kwenye korido. Dawa za usingizi zimeisha mwilini? Ana homa? Ana degedege la ndani lisiloonekana kwa macho, linaloonekana kwenye EEG tu, kile kipimo cha mawimbi ya ubongo? Maji hayajajaa kwenye ubongo? Anasikia, au mfupa wa sikio ulivunjika? Lugha ipo, au kiharusi kimeikata, ili kila unachomwambia kiwe kelele tu? Mmempimaje akiwa amelala chali saa ya usingizi wake?

#4 BintiMdogo

Shikamoo mama NesiMstaafu. Poleni na hongereni wote.

Baba yangu ana wiki ya saba tangu aanguke kutoka kwenye ngazi akapata jeraha la ubongo. Macho yanafunguka tangu wiki ya nne. Tumeambiwa "kubalini hali". Sijui hata hali yenyewe ni ipi ya kukubali. Mimi nikimwimbia anatulia, mdogo wangu anasema najidanganya. Nimesoma maelezo ya mama mara tatu na sasa sijui tena nilichokiona.

#5 HesabuKali

Pole sana BintiMdogo. Usiyachukue nitakayoandika kama kukukatisha tamaa, nabishana na mleta mada tu.

Mkuu, hiyo ya tenisi ni mtu mmoja. Ukija kwenye kundi, mwaka 2010 walipima wagonjwa 54, watano tu ndio walioweza kubadili ubongo wao kwa makusudi, na mmoja ndiye aliyejibu maswali ya ndiyo na hapana kwa njia hiyo. Magazeti yaliandika kana kwamba kila aliyelala anacheza tenisi.

Halafu hizi mashine zina vituko. Mwaka 2009 watafiti wa Marekani walimweka samaki aina ya samoni, aliyekufa, kwenye MRI, wakamwonyesha picha za watu. Ubongo wa maiti ya samaki "ukawaka", kwa sababu ukipima vidoto maelfu bila kusahihisha hesabu, vichache vitawaka kwa bahati tu. Walifanya makusudi, kuonya wenzao. Mwaka 2011 kukatoka utafiti wa EEG: wagonjwa 3 kati ya 16 wasioitika walifuata maagizo. Mwaka 2013 timu nyingine ikapiga upya hesabu za data ileile, matokeo yakayumba.

Na ile kashfa ya mwaka 2009 mnaikumbuka? Mgonjwa mmoja wa Ubelgiji alidaiwa kuandika sentensi nzima kwa kidole, mkono wake ukiwa umeshikwa na msaidizi. Walipomjaribu kwa kumwonyesha mgonjwa vitu msaidizi akiwa hayupo, majibu yakapotea. Aliyekuwa anaandika ni msaidizi, bila hata yeye mwenyewe kujua. Kwamba mgonjwa alikuwa na fahamu haikukanushwa, ila yale maneno hayakuwa yake. Tamaa ya kusikia ikizidi, mtu husikia.

#6 MlinziWaUsiku

HesabuKali, hilo la msaidizi nakubaliana nawe mia kwa mia, na watu walioumia namna hii hawastahili kuwekewa maneno mdomoni.

Ila utafiti haukuishia 2013. Jan Claassen na wenzake wa New York walichapisha mwaka 2019: wagonjwa 104 wapya kabisa wa jeraha la ubongo, wote hawafuati maagizo, wakiwa bado wodi ya wagonjwa mahututi. Kwa EEG ya kawaida ya kitandani waliwaambia "kunja na kunjua mkono", tena na tena, kompyuta ikatafuta tofauti. 16 kati yao, asilimia 15, ubongo ulitii wakati mkono haukutii. Kinachonigusa mimi ni mwaka mmoja baadaye: katika hao wa ubongo uliotii, asilimia 44 walikuwa wanaweza kujitegemea angalau kwa saa nane kwa siku. Katika wengine, asilimia 14. Samaki wa bahati nasibu hatabiri nani atajitegemea baada ya mwaka.

Mwaka 2024 ukatoka mkubwa zaidi, vituo sita, watu 353. Kati ya 241 wasioonyesha kitu kitandani, 60 walitii kwa MRI au EEG. Robo.

#7 HesabuKali

Huo wa 2024 nimeusoma, na namba niipendayo mimi ni ile ambayo hukuitaja. Walipima pia 112 waliokuwa *wanafuata* maagizo kitandani kwa macho ya kila mtu. Kwenye mashine ni asilimia 38 tu walioonekana wakitii. Yaani mashine iliwakosa zaidi ya nusu ya watu ambao tunajua wanajitambua!

Kwa hiyo mashine ikisema "yumo", sikiliza. Ikisema "hayumo", haijasema kitu. Inawezekana alisinzia, alichoka, alisahau agizo katikati, au hakupenda tenisi. Na hao robo hawakuokotwa barabarani, ni waliofikishwa kwenye vituo vya utafiti. Usiwaambie watu kwamba robo ya wasioitika duniani wako hivyo.

#8 MlinziWaUsiku

Hapo umenipata. Nakazia: jibu la hapana kutoka kwenye mashine lisitumike kumfungia mtu faili.

#9 JiraniMwema

Samahani kama swali ni la kitoto. Kuna yule mtu wa Marekani aliyeamka baada ya miaka 19. Na kuna wale wanaotangazwa "ubongo umekufa" halafu mashine zinazimwa. Inakuwaje mmoja asubiriwe miaka 19 na mwingine asisubiriwe hata wiki?

#10 NesiMstaafu

Si swali la kitoto, ndilo swali linalovunja familia nyingi.

Kifo cha ubongo si koma ndefu wala si hali yoyote tuliyoitaja hapa. Ni ubongo wote, pamoja na shina. Mboni haziitiki kwa mwanga, ukigusa mboni ya jicho hafumbi, ukigusa koo hakohoi. Mwisho anatolewa kwenye mashine ya kupumulia kwa muda huku akipewa oksijeni, hewa chafu inaachwa ipande kwenye damu hadi kiwango ambacho mtu yeyote mwenye shina hai angevuta pumzi. Kama kifua hakikujongea, basi. Kamati ya Harvard iliweka vigezo vya kwanza mwaka 1968, vimenyooshwa tangu hapo. Baba wa BintiMdogo anafungua macho na anapumua mwenyewe. Hayuko huko kabisa.

#11 MlinziWaUsiku

Na huyo wa miaka 19 ni Terry Wallis wa Arkansas. Aliumia mwaka 1984, akaanza kusema mwaka 2003, neno la kwanza likiwa la kumwita mama yake. Magazeti yakaandika ameamka kutoka kwenye koma. Hakuwa kwenye koma. Walioichunguza historia yake walisema alikuwa kwenye fahamu hafifu kwa sehemu kubwa ya miaka hiyo. Familia ilikuwa imeona dalili kitambo. Mwaka 2006 watafiti walichapisha picha za nyuzi za ubongo wake, na walidhani baadhi zilikuwa zimeota upya. Alibaki akiamini bado ni kijana wa 1984. Alifariki mwaka 2022, akiwa hajawahi kutembea tena.

Linganisha na Terri Schiavo, ambaye nchi nzima ya Marekani iligombana kama aondolewe mpira wa kulishia au la, hadi alipofariki mwaka 2005. Yeye moyo ulisimama mwaka 1990, ubongo ukakosa oksijeni. Baada ya kifo ubongo wake ulipimwa ukawa gramu 615, karibu nusu ya unavyopaswa kuwa. Jeraha la kugongwa hukata nyuzi lakini seli nyingi zinaweza kubaki hai. Kukosa oksijeni huua seli zenyewe. Ndiyo maana mwongozo wa Marekani wa 2018 unasema hali ya kutoitika ihesabiwe kuwa sugu baada ya miezi 3 kama chanzo si pigo la kichwa, na miezi 12 kama ni pigo. Mwongozo huohuo uliondoa neno "ya kudumu", maana baadhi ya watu walikuwa wakirudi baada ya muhuri huo. Na unawaonya madaktari wasiwaambie ndugu ndani ya siku 28 za mwanzo kwamba hakuna matumaini kabisa.

#12 FundiRedio

Mimi ni mtu wa nyaya na soketi, nielezeni kifundi. Kama seli zipo na nyaya nyingine zipo, nini kinazuia mtambo kuwaka? Na kuna dawa?

#13 MlinziWaUsiku

Fundi, swali zuri. Nicholas Schiff wa New York ana maelezo ambayo nadhani utayapenda. Sehemu ya kati ya thalamasi ndiyo inayosukuma umeme kwenda gamba la mbele la ubongo. Nyuma yake kuna breki, kiini kinachoitwa globasi palidasi, kazi yake kuituliza thalamasi. Breki hiyo yenyewe huwa imeshikiliwa na sehemu nyingine, striatamu. Jeraha kubwa likipunguza umeme wa jumla, striatamu hulegea, breki inabaki imekanyagwa moja kwa moja, na thalamasi haisukumi. Mtambo mzima, lakini umekanyagiwa breki.

Ndiyo maana kikatokea kituko cha zolpidemu. Ni dawa ya usingizi. Mwaka 2000 madaktari wa Afrika Kusini waliripoti mgonjwa aliyekuwa haitiki kwa miaka mitatu, akapewa kidonge hicho, akaanza kuongea! Inadhaniwa kinailaza breki yenyewe. Dawa ikiisha mwilini, anarudi kule. Kabla hamjakimbilia duka la dawa: utafiti wa 2014 uliwajaribu watu 84, wakaitikia wanne tu.

Mwaka 2007 Schiff na wenzake walipandikiza waya kwenye thalamasi ya mwanaume wa miaka 38 aliyekuwa na fahamu hafifu kwa miaka sita. Akaanza kutafuna na kumeza chakula kwa mdomo, na kutamka maneno. Mtu mmoja tena, HesabuKali, najua.

#14 HesabuKali

Kwa mara ya kwanza sina ugomvi, maana kuna dawa iliyopimwa sawasawa. Amantadini. Ilianza kama dawa ya mafua makali, ikawa ya Pakinsoni, ule ugonjwa wa kutetemeka. Mwaka 2012 Giacino na John Whyte waliigawa kwa kura: watu 184, wiki 4 hadi 16 baada ya pigo la kichwa, nusu dawa, nusu kidonge kitupu, wiki nne. Waliopata dawa walipanda haraka zaidi. Walipoiacha, mwendo ukapungua, na wiki mbili baadaye makundi yote mawili yalikuwa yamekaribiana. Kwa hiyo imeharakisha. Kama inamfikisha mtu mbali zaidi mwishoni, utafiti huo haukuonyesha. Na si ya kujinunulia, kwa wenye degedege inaweza kuleta balaa. Ni mazungumzo na daktari.

Jambo jingine, kwa BintiMdogo. Kwenye kumbukumbu za vituo vya kurudisha uwezo vya Marekani, waliopokelewa wakiwa bado na tatizo la fahamu baada ya pigo la kichwa walikuwa zaidi ya 2,000. Asilimia 82 walirudiwa na fahamu wakiwa humo humo. Hao ni waliochaguliwa kupelekwa huko, usisahau. Lakini hata mimi namba hiyo ilinishtua.

#15 BintiMdogo

Ahsante kaka. Sikutegemea wewe ndiye ungenipa nguvu.

Mama NesiMstaafu, naomba nielekeze nifanye nini kesho. Nataka nijue, hata kama jibu ni baya.

#16 NesiMstaafu

Mwanangu, nenda na kioo. Cha mkononi, cha kutosha uso mzima. Watafiti walishalinganisha: wagonjwa wengi zaidi hufuata uso wao wenyewe kwenye kioo kuliko kufuata mtu au kitu. Kufuata kwa macho ndiyo mara nyingi dalili ya kwanza kabisa ya fahamu kurudi, na ndiyo inayopotezwa zaidi na wanaopima kwa kalamu au kidole.

Mwombe nesi wa zamu amkalishe, kitanda kiinuliwe. Chagua saa ambayo huwa macho. Zima redio, wageni watoke. Kama amesinzia, muamshe kwa kumbinya misuli, anzia usoni, shingo, bega, mkono, hadi mguu, upande mmoja kisha mwingine. Kisha weka kioo mbele ya uso, umbali wa kiganja kimoja hivi. Kipeleke polepole kulia, kisha kushoto, kisha juu, kisha chini. Rudia mara ya pili. Macho yakikifuata bila kukatika kwa pembe ya nyuzi 45, na yakafanya hivyo mara mbili, upande wowote, umepata kitu. Usizungumze wakati huo. Mdogo wako asiyeamini ndiye arekodi kwa simu.

Fanya siku tano. Andika zote, na zile ambazo hakufanya kitu. Hasa hizo. Daktari akiona daftari lenye mazuri tupu hataliamini, na mimi nisingeliamini.

#17 Mpitanjia

MlinziWaUsiku, hujatuambia kaka yuko wapi sasa.

#18 MlinziWaUsiku

Yupo. Nilikuwa nakwepa, maana watu hutaka hadithi iishe na mtu anayekimbia uwanjani.

Baada ya kufuata kwa macho ilichukua wiki tano kufuata agizo la kwanza, "inua gumba". Kisha akaanza kuongea, na kipindi hicho kilikuwa kigumu kuliko ukimya. Hakujua mwaka, alimtukana mama, aling'oa mpira wa kulishia mara mbili usiku mmoja, akasema mimi ni mpangaji wake. Wataalamu wanasema kuchanganyikiwa huko ni hatua ya njiani. Mimi kwa wakati ule nilitamani arudi kimya, na sijawahi kulisema hilo mahali popote isipokuwa hapa.

Leo anatembea na fimbo. Anachoka saa saba mchana kama aliyelima. Anasahau alichokula, hasahau nyimbo. Hasira iko karibu. Anacheka sana pia. Nilimuuliza kama anakumbuka ile miezi, kama alitusikia. Hakumbuki chochote. Dada hakupenda jibu hilo, alikuwa amemsomea habari za michezo kila jioni.

#19 BintiMdogo

Mrejesho, kama nilivyomwahidi mdogo wangu kwamba nitaandika ukweli.

Siku ya kwanza: hakuna. Alitazama juu ya kioo.
Siku ya pili: alikuwa na homa, nesi alituambia tuache.
Siku ya tatu: alikifuata kushoto mara mbili. Kulia hapana. Mdogo wangu aliacha kurekodi katikati kwa sababu mkono ulikuwa unatetemeka, kwa hiyo video ni nusu.
Siku ya nne: hakuna.
Siku ya tano: kushoto mara mbili, na chini mara moja. Video kamili.

Nimempelekea daktari daftari na simu. Alitazama ile ya siku ya tano mara tatu, kisha akavuta kiti akakaa. Ameandika CRS-R ifanyike kuanzia Jumatatu, na EEG.

#20 NesiMstaafu

Kushoto siku zote mbili, kulia kamwe? Mwambie daktari aangalie kama anaona upande wa kulia kabisa. Na Jumatatu wakija kumpima, wasimame kushoto.